Bendi ya rege ikitutoza kiingilio Dar, tuikubalie ipige pleibeki?

Ndugu zangu, nimeshaona zaidi ya mara moja hapa Dar es Salaam bango likitangaza bendi ya rege iliyo ziarani, watu wakalipa kiingilio, kisha anayepanda jukwaani akawa ni mwimbaji mmoja na kompyuta. Msimamo wangu ni kwamba kibali cha onyesho la kiingilio kitolewe kwa sharti kwamba bango litaje waziwazi kama muziki ni wa laivu, yaani unaopigwa palepale, au wa pleibeki, yaani rekodi inayochezwa, na kwamba promota aliyetangaza bendi akaleta pleibeki awarudishie watu fedha zao.

Kilichonifikisha hapa ni onyesho moja la Kinondoni. Nilisimama hatua chache tu kutoka kwa mpiga besi, kijana aliyekuwa akitikisa kichwa huku vidole vikitembea juu ya nyuzi kwa ufundi mkubwa. Waya wa gita lake ulikuwa umekunjwa vizuri na kulazwa juu ya spika. Nilijiambia kwamba huenda anatumia kifaa kisichohitaji waya, mpaka alipoinua mkono wa kulia kujifuta jasho usoni, na besi ikaendelea kunguruma bila kukosa pigo hata moja. Mzee aliyekuwa kando yangu, ambaye kwa maelezo yake amecheza muziki wa bendi ya dansi ya Sikinde tangu ujana wake, alinitazama, akachukua koti lake, akaondoka.

Katika mjadala uliopita kuna ndugu alijibu kwamba siku hizi watu huufahamu muziki kwa video, kwa hiyo wakimwona msanii mwenyewe na video yake ikipita kwenye skrini nyuma yake, wamepata walichokifuata. Sikubaliani naye. Video ni sanaa nyingine na haimdanganyi mtu: kila mtazamaji anajua kwamba midomo inafuata wimbo uliokwisha kurekodiwa, na anachokwenda kutazama ni picha, mavazi, mandhari na kisa. Kiingilio cha ukumbini kinalipiwa kitu kingine, yaani muziki unaotengenezwa mbele ya macho yako usiku ule, pamoja na makosa yake. Wimbo wa Bob Marley "No Woman, No Cry" ulitoka studio mwaka 1974, lakini ambao wengi wetu tunaujua kwa moyo ni ule uliorekodiwa jukwaani katika ukumbi wa Lyceum, London, Julai 1975, na ndani yake unasikia ukumbi mzima ukiimba.

Tena rege ina sababu yake ya pekee. Midundo mingi ya bongo fleva huzaliwa ndani ya kompyuta, kwa hiyo ugomvi wangu huko ni mdogo. Rege husimama juu ya besi na dramu. Katika mtindo wa "one drop" pigo la kwanza huachwa wazi, uzito wote ukaangukia pigo la tatu, na besi huzungumza katikati ya nafasi hizo. Ndugu wawili, Carlton Barrett kwenye dramu na Aston Barrett kwenye besi, ndio walioibeba The Wailers, bendi ya Marley, kwa namna hiyo, na mazungumzo yao yalikuwa ya watu wanaosikilizana. Mpiga dramu akiona watu wamechoka huwapumzisha, akiona wamepamba moto huurefusha wimbo, jambo ambalo rekodi haiwezi kulifanya.

Hoja ya gharama naiheshimu zaidi. Kusafirisha watu wanane au kumi, vyombo na mafundi mitambo ni mzigo mkubwa kwa promota. Marley alipokwenda kupiga katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe, Aprili 1980, aligharimia mwenyewe kusafirisha mitambo, na si kila msanii anaweza hilo. Lakini waimbaji wengi wa Jamaika wamezunguka Ulaya kwa miaka mingi wakisindikizwa na bendi za hukohuko, zinazopewa nyimbo mapema zikazifanyia mazoezi. Sisi tunakosa nini? Wapiga solo, besi na tumba wa muziki wa dansi wanapiga laivu hapa mjini usiku kucha, na Bagamoyo, mwendo mfupi tu kutoka hapa, kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa kinachofundisha muziki na kuna Jhikoman anayepiga rege na bendi yake. Zanzibar, tamasha la Sauti za Busara limejengwa juu ya muziki wa laivu, na wageni wanakuja.

Anayeimba kwa sauti yake mwenyewe juu ya midundo iliyorekodiwa simpigi marufuku. Atangaze hivyo na kiingilio kishuke, nasi tuamue tukijua. Ninachokikataa ni gita lisilochomekwa kushikwa mbele ya mtu aliyelipa.

Ningependa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, iliangalie suala hili la mabango, lakini kwanza nawaomba wapiga vyombo na mapromota mliomo humu mseme: mkipewa nyimbo kumi na mbili za mgeni wiki mbili kabla, pamoja na malipo ya mazoezi, mnaweza kumsindikiza ipasavyo? Kama muda huo hautoshi, tajeni unaotosha.