Ratiba ya IPL kwa saa za Kenya: niibandike vipi ukutani bila makosa?

Jakondele (Kisumu)

Wadau, habari za jioni. Naendesha ukumbi wa kuonyesha mechi hapa Kondele: runinga mbili, king'amuzi kimoja, viti 60. Kandanda haina shida. Lakini wateja wa kriketi wameongezeka, na wanataka ratiba ya msimu mzima wa IPL, ligi ya kriketi ya India, ikae ukutani tangu siku ya kwanza ili mtu ajipange na kazi yake. Nimechukua ratiba ya 2025 nifanyie mazoezi kabla ya mpya kutoka, na nimekwama mahali panne.

Saa: picha niliyopakua inasema 7:30 na 3:30, programu ya simu inasema 5:00 na 1:00. Nilitoa saa mbili na nusu kote, sasa ubao umejaa mechi za saa nane na nusu mchana.

Idadi: timu ni 10 na kila moja inacheza mechi 14. Kama kila timu ingekutana na kila nyingine nyumbani na ugenini zingekuwa 18. Nitajuaje kama sijaruka mechi?

Jumamosi: Ligi Kuu ya England na kriketi zinagongana, na watu wa pande zote mbili wamelipa.

Mwisho, mvua na kuahirishwa. Nikishaandika kwa kalamu nzito, nafanya nini ratiba ikibadilika katikati?

Saa_Nakuru

Omera, umetoa mara mbili. Picha imeandikwa kwa saa ya India. Programu ya simu imeshajua uko Kenya na imegeuza yenyewe. Ile 5:00 ya simu ndiyo ile ile 7:30 ya picha. Ukiitoa tena unafika saa nane na nusu mchana, saa ambayo hakuna mechi ya IPL inayoanza. Chagua chanzo kimoja na ushikamane nacho. Mimi ningechukua picha, kwa sababu simu ikiwekwa saa ya nchi nyingine kimakosa, ratiba yote inahama na hutagundua.

India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, Januari hadi Disemba. Wao hawasogezi saa, sisi hatusogezi. Na India nzima ina saa moja tu, kwa hiyo mechi ikichezwa Guwahati kule mashariki au Mumbai magharibi, hesabu ni ile ile. Unahitaji kukumbuka nyakati mbili pekee:

Mechi ya jioni, 7:30 ya India, ni saa kumi na moja jioni kwetu. Shilingi ya kuamua nani achague kuanza inarushwa saa kumi na nusu.

Mechi ya mchana, 3:30 ya India, ni saa saba mchana kwetu. Shilingi saa sita na nusu.

Ukutani usiandike "1:00" wala "5:00". Anayesoma kwa Kiswahili ataona 1:00 aseme saa moja, aje jua limezama na mechi iliisha zamani. Andika kwa maneno, "saa saba mchana", au tumia 13:00 na 17:00, hizo hazina utata.

Muda wa mechi: kila zamu ya kupiga imepangiwa dakika 90, ndani yake mna mapumziko mawili ya mbinu ya dakika mbili na nusu kila moja. Kati ya zamu ni dakika 20. Jumla saa tatu na dakika 20, yaani ya jioni ingeisha saa mbili na dakika 20 usiku. Hiyo ni ya kwenye karatasi. Ongeza nusu saa, kwa sababu marejeleo ya video na manahodha wanaopanga walinzi upya kila mpira hula muda. Timu ikichelewa kumaliza ova zake 20 (ova moja ni mipira 6) inabanwa: ova zilizobaki inaruhusiwa walinzi wanne tu nje ya duara la ndani, badala ya watano. Hilo linamwumiza nahodha, ila wewe muda wako haurudi. Siku ya mechi mbili, ile ya saa saba ikichelewa inaingia kwenye ile ya saa kumi na moja, na kwa king'amuzi kimoja utakosa ova za mwanzo.

MwalimuHesabu (Kakamega)

Nijibu la idadi. Kila timu na kila timu mara mbili ni mechi 90. Haziingii ndani ya miezi miwili hivi ambayo ligi inapewa, ndiyo maana wanazipunguza hadi 70, kisha nne za mchujo, jumla 74.

Wanazipunguza hivi: timu 10 zinagawanywa makundi mawili ya tano tano. Timu inacheza mara mbili na wanne wa kundi lake, hizo 8. Inacheza mara mbili na timu moja tu ya kundi la pili, hizo 2. Inacheza mara moja na wanne waliobaki, hizo 4. Jumla 14, saba nyumbani na saba ugenini. Makundi haya ni ya kupanga ratiba tu, msimamo ni mmoja wa timu zote 10.

Mfano wa 2025: Royal Challengers Bengaluru ilikutana mara mbili na Chennai, Kolkata, Rajasthan na Punjab, ambao ni wa kundi lake, na mara mbili na Delhi kutoka kundi lile lingine. Mumbai, Gujarat, Hyderabad na Lucknow, mara moja moja. Mteja akikuambia umesahau mechi ya marudiano ya Bengaluru na Mumbai, hukusahau. Haikuwepo.

Kukagua: chora jedwali la mistari 10 kwenda chini na 10 kwenda kando. Kushoto andika mwenyeji, juu andika mgeni. Kila mechi unayoinakili, tia alama kwenye chumba chake. Ukimaliza, kila mstari uwe na alama 7 na kila safu alama 7. Vyumba vya mshazari, timu dhidi ya yenyewe, vibaki tupu. Mstari ukiwa na 6 na mwingine 8, umebadilisha mwenyeji na mgeni mahali. Mstari ukiwa na 6 na hakuna wenye 8, umeruka mechi, na safu yenye 6 itakuonyesha mgeni ni nani.

Hesabu ya pili ni ya tarehe. Hatua ya ligi ya 2025 ilipangwa kutoka 22 Machi hadi 18 Mei. Hizo ni siku 58 bila siku tupu hata moja. Mechi 70 kutoa siku 58 unabaki na 12, kwa hiyo lazima uwe na siku 12 za mechi mbili. Hesabu mechi zako za saa saba mchana. Zikiwa 11, rudi utafute.

Angalizo kuhusu "nyumbani": si lazima iwe mji wa jina la timu. Mwaka huo Delhi ilianzia nyumbani kwake Visakhapatnam na Rajasthan ilicheza mechi mbili za nyumbani Guwahati. Usizigeuze kuwa za ugenini.

Kona_Bendera (Kisumu)

La Jumamosi linasumbua kwa sababu moja ambayo wengi hawaioni: India haihami, England ndiyo inahama. Jumapili ya mwisho ya Machi Waingereza wanasogeza saa mbele. Kabla ya hapo mechi zao za saa tisa alasiri zinatufikia saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo zinatufikia saa kumi na moja jioni, dakika ile ile ambayo mrusha mpira wa kwanza wa IPL anaanza kukimbia. Na karibu msimu wote wa IPL uko upande huo wa pili.

Jumamosi ya Aprili yenye mechi mbili za kriketi inakaa hivi kwa saa zetu: kriketi 13:00, kandanda 14:30, kandanda na kriketi pamoja 17:00, kandanda 19:30. Jumapili kandanda ni 16:00 na 18:30.

Sasa angalia vizuri ile 17:00. Kandanda na mapumziko yake na dakika za nyongeza inaisha karibu 18:55. Zamu ya kwanza ya kriketi imepangwa kuisha 18:30, mapumziko dakika 20, ya pili inaanza 18:50, na kwa uhalisia karibu 19:00. Kwa hiyo ukiwa na king'amuzi kimoja unaweza kuonyesha kandanda yote kisha ukahamia kriketi wakati timu ya pili inaanza kufukuza shabaha, yaani mikimbio (alama) inayohitaji ili ishinde. Mshabiki wa kriketi anakosa nusu ya kwanza lakini anaona mwisho. Mwambie hivyo ukutani kabla hajalipa: "Jumamosi: kriketi kuanzia zamu ya pili". Kinacholeta kelele ni mtu kulipa akitarajia mechi nzima.

Lakini ile ya 19:30 haina ujanja, itagongana na ova za mwisho, na ova za mwisho ndizo mtu amefuata. Hapo unahitaji king'amuzi cha pili, runinga unazo tayari. Kiwe na usajili wa biashara, si wa nyumbani. Sauti iende kwenye kriketi kuanzia ova ya 16, kandanda inaeleweka hata bila mtangazaji.

Fundi_Dishi

Kwa ufupi: Machi hadi Mei ni masika, na ngurumo za ziwani hupenda alasiri na jioni, saa zile zile za mechi. Picha ikikatika kila wingu zito likipita, mara nyingi dishi limelegea kidogo, au maji yameingia kwenye kiungio cha waya pale kwenye kichwa cha dishi. Fungua, kausha, kata waya uliogeuka kijani, funga upya na uzungushie utepe wa mpira. Pima nguvu ya mawimbi siku ya jua. Ikiwa chini siku ya jua, siku ya mvua hutapata kitu. Na mvua ikiwa ya mawe na radi, chomoa, hata kama ni ova ya mwisho.

Jakondele

Shukrani sana, Mwalimu na wengine. Jedwali limenionyesha nilibadilisha mwenyeji na mgeni mara mbili. Mwalimu, naomba na hili: wateja wanataka na msimamo uwe ukutani. Hiyo safu ya NRR (net run rate, tofauti ya kasi ya mikimbio) najaribu kuijaza mwenyewe na hailingani na ya runinga.

MwalimuHesabu (Kakamega)

Kushinda ni pointi 2, mechi isiyo na matokeo ni 1 kwa kila timu. Pointi zikilingana, mara nyingi NRR ndiyo inaamua. Ni mikimbio uliyopiga ukigawa kwa ova ulizopiga, kutoa mikimbio uliyopigwa ukigawa kwa ova ulizorusha. Watu hukosea mahali patatu.

Ova 18.4 si kumi na nane nukta nne. Ni ova 18 na mipira 4 kati ya 6, yaani 18.667. Ukiiandika 18.4 kwenye kikokotoo umeshaharibu.

Timu ikitolewa yote (wapigaji wameisha) kabla ya ova 20, inahesabiwa ova 20 kamili. Timu A imepiga 180 kwa ova 20, timu B imetolewa yote kwa 150 katika ova 18.4. NRR ya A ni 9.00 kutoa 7.50, yaani +1.50. Ukigawa 150 kwa 18.667 utapata 8.04 na A atapata +0.96. Umemdhulumu.

Tatu, usitafute wastani wa NRR za mechi. Jumlisha mikimbio yote ya msimu, jumlisha ova zote, ndipo ugawe. Weka daftari lenye safu nne kwa kila timu: iliyopiga, ova zake, iliyopigwa, ova zake. Kumbuka ova uziandike kwa mipira: 18.4 ni mipira 112. Ukijumlisha mipira na kugawa kwa 6 mwishoni, kosa la nukta halikupati.

Hili si la mapambo. Tarehe 18 Mei 2024 Bengaluru ilipiga 218. Chennai ilihitaji 219 kushinda, lakini 201 tu zilitosha kuingia mchujo hata ikishindwa. Ikaishia 191. Timu zote mbili zikabaki na pointi 14, Bengaluru ikapita. Usiku kama huo andika shabaha zote mbili kwa chaki kubwa, maana ukumbi mzima utakuwa unazifuata.

Mama_Ubao (Kisumu)

Mdogo wangu, achana na kalamu nzito. Kila mechi iwe na kadi yake. Karatasi ya A4 ya manila ukiikata vipande 8, karatasi 10 zinakupa kadi 80: 74 za mechi na 6 za akiba. Mechi za saa saba mchana zikate rangi nyingine, mtu azione akiwa mlangoni. Bandika kwa pini, si kwa gundi.

Angalia 2025 ilivyokwenda. Mechi ya Kolkata na Lucknow ilitolewa Jumapili 6 Aprili ikapelekwa Jumanne 8 Aprili mchana. Jumanne saa saba, nani angekisia? Tarehe 8 Mei mechi ya Punjab na Delhi huko Dharamsala ilisimamishwa katikati kwa ajili ya mgogoro wa India na Pakistan, na kesho yake ligi yote ikasimamishwa kwa wiki. Ikarudi 17 Mei Bengaluru, na siku hiyo mvua haikuruhusu hata mpira mmoja. Mechi ya Dharamsala ikarudiwa 24 Mei Jaipur. Fainali iliyopangwa 25 Mei Kolkata ikachezwa 3 Juni Ahmedabad, Bengaluru ikaifunga Punjab kwa mikimbio 6. Mwenye kadi alizihamisha kadi. Mwenye kalamu alipaka ukuta rangi upya. Baada ya fainali acha nafasi tupu ya siku 10 ubaoni.

Kuhusu mvua: mechi za ligi hazina siku ya akiba. Kuna nyongeza ya muda kama saa moja kabla ova hazijaanza kukatwa, na mwaka 2025 waliiongeza hadi saa mbili ligi iliporudi. Ili matokeo yahesabiwe, kila timu lazima ipate angalau ova 5, isipokuwa itolewe yote au ifikie shabaha mapema. Kwa hiyo usirudishe pesa mvua ikianza tu. Subiri waamuzi watangaze. Fainali ina siku ya akiba: ya 2023 ilitoka Jumapili 28 Mei ikaingia Jumatatu, mvua ikarudi, Chennai ikapewa shabaha ya 171 kwa ova 15 na ikashinda kwa mpira wa mwisho, kwetu yapata saa tano usiku. Mwombe mlinzi wako abaki usiku wa fainali na ule unaofuata.

Kadi nne za mchujo usiziandike majina ya timu mapema. Andika nafasi: wa 1 na wa 2, wa 3 na wa 4, aliyeshindwa ya kwanza na aliyeshinda ya pili, halafu fainali. Wa 1 na wa 2 akishindwa ana mechi nyingine, wa 3 na wa 4 akishindwa ameenda nyumbani. Waeleze wateja hilo mapema, kwa sababu kila mwaka kuna anayeondoka baada ya mechi ya kwanza ya mchujo akidhani timu yake imetoka.