Kukompaili upya kerneli ya Linux kunaongeza kasi?

Swali: Wakuu, nikikompaili (yaani nikiijenga upya kutoka msimbo wake) kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, mahususi kwa prosesa yangu, kompyuta itakuwa na kasi zaidi?

Jibu: Kwa kazi za kawaida hutaona tofauti. Programu nyingi hutumia muda wao nje ya kerneli, na viendeshi (programu za kuendesha vifaa) vingi ni moduli, yaani vipande vya kerneli vinavyopakiwa vikihitajika tu. Kuziondoa kunaokoa nafasi ya diski, si kasi.

Jibu: Ukitaka kujaribu, chomeka kwanza vifaa vyote vya USB, kisha `make localmodconfig` (huchagua moduli zilizopakiwa sasa), halafu `make -j$(nproc)` (hukompaili). Moduli ambayo haijapakiwa wakati huo inaachwa nje. Kikikosekana kiendeshi cha diski ya mfumo, mashine haiwaki: "Unable to mount root fs" (imeshindwa kufungua diski ya mfumo). Kerneli ya zamani usiifute kamwe, ili uweze kuwasha nayo!

Jibu: Mkuu, pima kwanza kwa `perf top`, inayoonyesha ni nini kinachotumia prosesa. Kama shida ni sauti kukatakata, weka `preempt=full` (huruhusu kerneli kukatiza kazi moja ili kuhudumia ya haraka) kwenye GRUB, programu inayowasha Linux, mradi kerneli yako ilikompailiwa na chaguo la `CONFIG_PREEMPT_DYNAMIC`. Hapo hukompaili chochote.