Mteja wangu wa Kalemie anataka kusajili nembo ya sabuni yangu kwa jina lake. Nimkubalie?

MamaSabuni_Mwandiga

Wakuu habari zenu. Nipo Mwandiga, Kigoma, natengeneza sabuni za miche kwa mawese ya hapa hapa. Nembo yangu ni mchikichi ndani ya duara na jina ambalo silitaji, maana humu mna watu wajanja. Niliisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, 2019. Siku hizi mzigo mwingi hauishii Kigoma, unapandia Kibirizi kwenda Kalemie na Uvira, mwingine Bujumbura.

Juzi mteja wangu wa jumla wa Kalemie kanitumia ujumbe kwamba huko imeingia sabuni yenye mchikichi kama wangu, karatasi rangi ile ile, ila ukifulia haitoi povu. Anasema dawa ni kusajili nembo Congo, na kwa kuwa mimi ni mgeni, aisajili yeye kwa jina lake, gharama zote juu yake. Huyu mtu hajawahi kunidhulumu hata shilingi. Mume wangu anaona ni bahati. Mimi moyo unasita.

Cheti cha BRELA kwani hakitoshi, wakati Congo nao wamo Jumuiya ya Afrika Mashariki? Na hiki cha hapa miaka saba inaishia 2026. Nikihuishe kwanza, au nianze na Congo?

Nahodha_Mstaafu

Gharama juu yake? Tangu lini mtu wa jumla akalipia kitu kisicho chake? Jibu unalo dada.

Karani_Tabora

Mama, nipo Tabora, nawashughulikia watu wa asali makaratasi ya nembo. Usimkubalie. Sisemi ni mwizi, huenda ni mtu safi kabisa. Lakini siku mkipishana bei, au Mungu akimchukua, nembo itakuwa yake na ya warithi wake, na sabuni yako wewe ndiyo itakayoitwa feki ikishuka Kalemie. Congo na Burundi anayewahi kusajili ndiye mwenye mali.

Nguvu ya cheti cha BRELA inaishia Tanzania Bara. Hata Unguja hakivuki, kule kuna BPRA, ofisi yao ya usajili, na sheria yao. Congo waliingia Jumuiya 2022, kweli, ila Jumuiya haina daftari moja la nembo. ARIPO ya Harare, shirika la nchi kadhaa za Afrika la kusajili nembo, haikusaidii kwa sababu Congo na Burundi si wanachama. Mfumo wa Madrid, ule wa ombi moja kwa nchi nyingi, nao hawamo. Na akija mtu kukuuzia OAPI ya Yaoundé, shirika kama hilo la nchi zinazotumia Kifaransa, muulize ni Congo ipi. OAPI inafika Brazzaville, Kinshasa haifiki. Nimeona watu wakilipia Congo isiyokuwa yao.

Kwa hiyo ni nchi kwa nchi. Ya Congo inakwenda Wizara ya Viwanda, Kinshasa. Mgeni unapitia wakala wa kule, unamsainia hati ya uwakilishi, makaratasi ni Kifaransa. Wakala anabeba faili tu, jina kwenye cheti linakuwa lako. Mteja wako kachanganya mambo mawili hapo, au kayachanganya makusudi. Nembo husajiliwa kwa makundi ya bidhaa, na sabuni ni kundi la 3. Kama una mpango wa kuuza na mawese ya kula kwa nembo hiyo hiyo, ongeza kundi la 29.

Anza na Congo, maana anayekuiga hasinzii. Ya BRELA tarehe yake unaijua, ihuishe ikikaribia, itakupa miaka 10 mingine. Congo na Burundi ni miaka 10 tangu mwanzo, ikihesabiwa kuanzia siku ulipowasilisha ombi, si siku uliyopewa cheti. Cheti cha BRELA usikiache kife hata hivyo, ndicho kitakachoonyesha kwamba ulianza wewe.

Dagaa_Mkavu

Na kama huyo jamaa ameshasajili tayari, anaomba ruhusa kiheshima tu?

Karani_Tabora

Swali zuri. Ndiyo maana wakala anafanya utafutaji kwanza kabla hujalipia ombi. Ikikutwa kasajili, Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa kulinda nembo na uvumbuzi, ambao Tanzania na Congo zote zimo, una kifungu cha wakala au mwakilishi aliyejisajilia nembo ya bosi wake bila ruhusa: mwenyewe anaweza kupinga, kuomba ifutwe au ihamishiwe kwake. Shida ni kwamba atasema yeye si wakala wako, ni mnunuzi tu. Kwa hiyo mama, ule ujumbe wa kukuomba asajili nembo YAKO usiufute. Tunza na risiti za mzigo.

Asali_Sikonge

Nyongeza kidogo. Nembo zikishatangazwa kwenye jarida la usajili, matapeli wanasoma majina humo. Utaletewa ankara yenye mihuri mizuri kutoka ofisi usiyoijua, eti lipa uhuishwe. Mtumie wakala wako aikague kabla ya kulipa chochote.

MamaSabuni_Mwandiga

Mungu awabariki. Nimemwandikia kwamba nasajili mwenyewe, yeye nitampa mkataba wa kuwa msambazaji pekee Kalemie. Kajibu "sawa" tu, na yeye kwa kawaida ni mtu wa maneno mengi. Huo mkataba uandikwe Kiswahili au Kifaransa?

Karani_Tabora

Lugha zote mbili, na mseme humo ndani ni ipi itakayofuatwa mkitofautiana. Weka pia kwamba nembo ni yako, na kwamba hatasajili yoyote inayofanana nayo, hata mkataba ukiisha. Akikataa kusaini hicho kipengele, mpigie wakala siku hiyo hiyo.