Sumaku imeachia, mbona tindo bado ni laini?

Fundi wa Uyole, Mbeya
Ndugu zangu mafundi, habari za kazi. Ninafua tindo kwa springi kuukuu za lori. Nachoma kwa mkaa, na sumaku inapoacha tu kushika ncha, nachovya kwenye oili. Wiki iliyopita nilifua tindo 5: katika 2 tupa iliteleza kama juu ya kioo, lakini 3 zililika kama nondo. Vitabu navyo vinanichanganya, maana kimoja kinataja nyuzi 727, kingine 770, kingine 912. Nifuate ipi? Jirani yangu anadai kwamba, kwa kuwa huku kwetu juu maji huchemka kabla ya nyuzi 100, chuma nacho hubadilika mapema. Ni kweli?

Mwalimu wa karakana, Iringa
Ndugu yangu fundi, namba zote 3 ni sahihi, ila kila moja ina jambo lake. Nyuzi 912 ni za chuma tupu kisicho na kaboni: hapo atomi huacha mpangilio uitwao feriti na kujipanga upya katika mpangilio uitwao osteniti, ambao hubeba kaboni nyingi kuliko feriti kwa mbali sana. Kadiri kaboni inavyoongezeka, kiwango hicho hushuka, hadi kufikia 727 kwa chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.8. Nyuzi 770 ni pale feriti inapopoteza usumaku wake bila atomi kuhama, na hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu katika nondo yenye kaboni asilimia 0.2 sumaku huachia ilhali feriti bado ipo mpaka joto lipite 800.

Springi nyingi zina kaboni karibu asilimia 0.6, kwa hiyo sumaku ikiachia, mabadiliko yamekaribia kwisha, lakini kaboni haijasambaa vizuri. Wewe unachovya mapema mno. Pandisha hadi kati ya 820 na 850, ushikilie dakika chache.

Kuhusu jirani, maji yanapochemka mvuke wake hushindana na hewa. Atomi zilizo ndani ya chuma kigumu hazisogezwi na hewa ya mlimani. Ingehitajika kani-eneo, yaani mgandamizo, kubwa mara maelfu kuliko ya hewa.

Mhunzi wa Makambako
Tia giza karakana, utazame ncha. Chuma kinapobadilika hunywa joto bila kung'aa zaidi, nawe utaona kivuli kikitambaa kutoka ncha nyembamba kuelekea sehemu nene. Kikipoa hewani hung'aa tena ghafla, lakini kwa joto la chini zaidi, kwa kuwa mabadiliko ya kurudi huchelewa.

Fundi wa Uyole, Mbeya
Mwalimu, shikamoo, nanyi nyote asanteni. Jana jioni nilifunga madirisha nikakiona kivuli hicho kwa macho yangu. Kilipokwisha nilisubiri, rangi ikapanda kidogo, ndipo nikachovya. Tupa imeteleza kwenye tindo zote 3. Sasa nazilegeza, yaani nazipasha moto tena polepole, hadi rangi ya zambarau, karibu nyuzi 280, kabla ya kuzipiga nyundo.