MREJESHO: Kitambulisho cha matibabu bure kwa mzee asiye na kipato

Wakuu, niliuliza namna ya kumsaidia bibi jirani, miaka 72, aliyekuwa akilipishwa kila akienda kutibiwa. Asanteni sana. Ushauri wenu wa kuanzia kwa mjumbe wa nyumba kumi ndio uliofanya kazi: mjumbe, barua ya mtendaji wa mtaa, kisha Afisa Ustawi wa Jamii. Tulibeba picha mbili za pasipoti na kitambulisho cha taifa (NIDA). Mara ya kwanza tulirudishwa, barua haikuwa na mhuri wala haikutaja umri. Hakikisheni vyote vimo, na iseme wazi kwamba hana uwezo.

Kadi ameipata, kumwona daktari na vipimo halipi. Dawa ya presha ikiisha kwenye dirisha la dawa la hospitali bado tunanunua duka la nje, huko msamaha wa malipo haufiki. Mungu awabariki.