Eti "kwani unahama?" Yule mtaalamu wenu wa mabegi ya kamera mwambieni anikome

Wakuu, leo sina salamu. Naandika mikono inatetemeka, herufi zikipishana mnivumilie.

Yule mtaalamu wa mabegi mnamjua, msijifanye hamumjui. Mtu akiuliza tu "begi gani dogo la bega?" yeye huyo, mbio, na maelezo kama vile kalishona mwenyewe. Ndiye aliyeniambia chukua hili dada, lita 6, jepesi, linameza kila kitu. Linameza! Nikachukua.

Leo tumekutana wapiga picha, watu wamejaa, nikasema ngoja nimwonyeshe. Bodi ya kamera ikaingia. Lenzi ya 50 mm ikaingia. 24-70 ikaingia kwa msaada wa goti. Ikaja ile lenzi kubwa ya 70-200 f/2.8, ikabaki kichwa nje kama kuku kwenye tenga. Zipu ikafika katikati ikagoma, meno yakaanza kuachana. Nikamwambia haya, funga wewe uliyesema linameza. Akaangalia begi. Akaniangalia mimi. Akaangalia begi tena. Kisha kwa sauti ya kuamsha wafu: "Dada, kwani unahama?"

KWANI UNAHAMA. Mbele za watu! Kuna mmoja alicheka mpaka akakaa chini, na najua yumo humu.

Na mkanda wenyewe mwembamba, kilo 3 na ushee zinaning'inia, bega lina mfereji unaweza kumwagilia bustani. Mfuko wa betri uko chini ya kigawanyo, ukitaka betri moja unatoa vyote. Lakini hayo ningemsamehe. Sasa mtu aliyekuingiza mkenge mwenyewe anakuulizaje kama unahama? Ninahama naenda wapi? Na 70-200?

Kivuli Kirefu:
Uzi bila picha ya begi ni batili. Ila nimecheka sana, samahani.

Mzee wa Shata:
Mleta mada, 70-200 kwenye begi la lita 6? Mkuu, kwani kweli unahama?

Mleta mada:
Na wewe nenda huko. Na mimi si mkuu, ni dada.

Fremu Tupu:
Tuache utani kidogo. Hizo lita wanazipimaje? Begi la sentimita 30 kwa 20 kwa 10 kwa nje ni lita 6 kamili, unafurahi. Toa sentimita 1 ya sponji kila upande: 28 kwa 18 kwa 8. Umebaki na lita 4. Hiyo 70-200 unene wake unakaribia sentimita 9. Haiingii hata uisomee dua. Pima ndani, tena vigawanyo vikiwa mahali pake.

Mleta mada:
ASANTE. Kwa hiyo badala ya kusema hivyo anauliza kama nahama!

Mzee wa Shata:
Fremu Tupu, sponji ndiyo imeharibu mabegi. Jim Domke alikuwa mpiga picha wa gazeti huko Philadelphia, miaka ya 1970 akabuni begi lake la turubai, laini, linalala ubavuni. Siku hizi begi limejazwa sponji mpaka vifaa vikose pa kukaa.

Nuru Hafifu:
Turubai mvua ikikukuta utajua hujui. Na hayo yanayoandikwa "halipitishi maji" ndiyo wezi wakubwa. Kitambaa hakipitishi, sawa, zipu je? Mishono je? Langu lilinywa maji yote, lenzi ikaota kuvu, nikapiga wiki nzima nikidhani ni ukungu wa asubuhi.

Lenzi Moja:
Nyie mnalia zipu, mimi nalia velkro, ile ya kunata. Niko nyuma ya ukumbi, watu wamenyamaza, mzungumzaji machozi yanamlenga, mimi nataka kubadilisha lenzi. KHRRRAAAAA. Hata yule aliyekuwa analia akageuka.

Kivuli Kirefu:
😂😂 Chukua la kufunga kwa sumaku.

Lenzi Moja:
Sumaku si inafuta kadi ya picha?

Fremu Tupu:
Haifuti. Kadi ya SD haihifadhi kwa sumaku. Diski kuu za zamani ndizo za kuogopa.

Lenzi Moja:
Una uhakika? Jirani yangu yake ilifutika.

Fremu Tupu:
Jirani yako alibonyeza "fomati".

Nuru Hafifu:
Sumaku hizo hizo begi linajifungua ukiinama. Mimi 35 mm yangu ilitoka yenyewe, ikabingirika mpaka kwenye ngazi. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu... nikafumba macho.

Mleta mada:
Jamani turudi kwenye mada. Huyu mtu aniombe radhi.

Mzee wa Shata:
Dada, beba bodi na lenzi ya 35 tu. Begi litafunga, bega litapona.

Mleta mada:
Sikuuliza nibebe nini!!

Mzee wa Shata:
Haya. Nuru, lenzi ilipona?

Nuru Hafifu:
Ilipona, kifuniko ndicho sijakiona hadi leo. Kuna mwenye cha mm 67 hakitumii?

Kivuli Kirefu:
Nina cha 72.

Nuru Hafifu:
Cha 72 kitadondoka.

Kivuli Kirefu:
Weka gundi ya karatasi pembeni, kinashika.

Fremu Tupu:
Usiweke gundi karibu na kioo, tafadhali.

Kivuli Kirefu:
Nimesema pembeni.