Tupeane uzoefu: mtundulu, mti wa ua la rangi mbili

Mwanzisha uzi
Mbukwenyi wakuu. Nina kiwanja upande wa Hombolo, nusu yake vichaka vya mtundulu. Mwaka juzi nilifyeka vyote. Mvua za Desemba zimevirudisha vingi kuliko mwanzo, na wiki hii vimechanua. Nilienda na panga nikaishia kupiga picha. Ua linaning'inia, juu pinki, chini njano, utadhani fundi kaunga vitambaa viwili. Mliowahi kuishi na mti huu, mlifanyaje nao?

Mwalimu mstaafu
Kijana, hilo unaloliita ua moja ni maua madogo mengi yamesongamana kwenye kijiti kimoja. Yale ya pinki hayazai. Yana nyuzi ndefu za kupendeza tu, kazi yake kuita wadudu. Yanayozaa ni ya njano huku chini, ndiyo yenye chavua. Siku zikipita ile pinki hupauka ikawa nyeupe. Jina lake la kitaalamu, Dichrostachys cinerea, linabeba habari hiyohiyo: neno la kwanza ni la Kigiriki, maana yake suke la rangi mbili. La pili ni Kilatini, rangi ya majivu. Ni jamii ya kunde, ndiyo maana unazaa maganda.
Niliwahi kuwatoa nje kidato cha pili, kila mmoja na pini yake, tukalichambua suke zima. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe hawa wa pinki ni wapiga debe, abiria wako chini." Nilifundisha hivyohivyo mpaka nastaafu.

Dereva boda, Chamwino
Shikamoo mwalimu. Mimi ua silijui, najua mwiba. Nilipata pancha njia ya Mvumi, nikaziba tyubu, nikajaza upepo, sijafika mbali ikaisha tena. Nikaziba. Ikaisha. Fundi ndiye aliyepitisha vidole ndani ya tairi akakuta ncha imevunjikia humo, kutoka nje haionekani kabisa. Na mwiba wenyewe si kama wa mgunga. Huu ni kitawi kilichochongoka, mwingine unaukuta umeota majani juu yake!

Mama Mbuzi, Chemba
Msiutukane mti wa watu. Kiangazi nyasi zikiisha, maganda yake ndiyo yanayonivusha. Yanajikunjakunja na kushikana fundo moja, hayapasuki, yanadondoka hivyohivyo na mbuzi wanayagombania chini. Kosa nililofanya ni moja. Nilitoa samadi zizini nikamwaga kwenye shamba la uwele bila kuiacha ioze. Mvua iliponyesha nikapalilia mitundulu badala ya magugu. Mbegu ni ngumu, zinapita tumboni mwa mbuzi salama salimini. Nilijipandia mwenyewe.

Mtu wa Kondoa
Kuna wanaouita mkulagembe, na atakayeuliza kwa nini apewe jembe. Ila huku kwetu tumeuona upande mwingine. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye milima iliyoliwa na mmomonyoko, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Marehemu baba alihamisha ng'ombe wake kwa uchungu, hakuwahi kuwasamehe. Lakini ni yeye aliyenionyesha korongo tulilokuwa tukiteleza utotoni, limejaa vichaka hadi huwezi kushuka, mtundulu ukiwemo. Mizizi yake inatambaa na kuchipua miche mipya pembeni, kwa hiyo udongo unashikwa.

Dereva boda, Chamwino
Korongoni sawa. Barabarani hapana.

Fundi nguzo
Kuni zake zinashika moto taratibu, ukilaza gogo usiku asubuhi unakuta kaa. Nguzo za ua pia safi, mchwa wanauogopa. Shida ni kupata iliyonyooka.

Mkulima, Kongwa
Mwanzisha uzi, ulipofyeka ndipo ulipoharibu. Ukikata shina, mizizi inachipua huku na huku, mmoja unakuwa kumi. Mimi nilichimba mzizi mmoja mmoja udongo ukiwa na unyevu, kisha nikafungulia mbuzi kwenye machipukizi. Misimu miwili. Jembe moja lilikufa, sikatai. Na si sisi tu, Kuba wanauita marabú, umewafunika mashamba na malisho huko, na asili yake si kwao.

Mwanzisha uzi
Asanteni. Nimeamua: upande wa barabara nauacha uwe ua wa kiwanja, kwingine nachimba. Mama Mbuzi, kama una jirani mwenye mbuzi huku Hombolo nitafutie, machipukizi yapo ya kutosha.
Mwalimu, leo asubuhi nimekaa chini ya mmoja kama robo saa. Nyuki niliowaona wote walitua kwenye njano.

Dereva boda, Chamwino
Ulikaa chini ya mtundulu? Angalia suruali, mkuu.